Zamu yako ya kutunga maswali ya ligi ya kwizi: anza na jozi, siyo na swali

Dada mmoja anayeishi mji mdogo kaskazini mwa Uingereza kaniandikia, nafupisha: "Shikamoo kaka. Nafanya kazi wodini, wenzangu wamenivuta kwenye timu yao ya ligi ya kwizi, kila Jumanne tunachezea pabu. Msimu huu kila timu ina wiki yake ya kutunga maswali ya ligi nzima, yetu ni katikati ya Novemba, kapteni kanipa raundi mbili, yaani maswali 16. Mi nimekulia Tanga, tamthilia zao za miaka ya themanini sizijui wala wachezaji wa kriketi siwajui. Nikiuliza ya kwetu naogopa hakuna atakayejibu, nikiuliza ya kwao naogopa nitachapia. Nimeandika kumi, nakutumia, niambie ukweli."

Marahaba dada yangu, na pole na zamu za usiku. Maswali yako nimeyasoma yote, mengine mara tatu, na ukweli ulioutaka ndo huu: unajua vitu vingi na Tanga siyo shida yako hata kidogo. Shida ni kwamba umeandika maswali kumi wakati ligi inataka jozi tano, yaani maswali mawili mawili ya ugumu sawa, moja la timu hii na moja la timu ile. Hilo ndo kubwa kuliko yote na nitalirudia mpaka ulichoke, maana mi mwenyewe nilicheza misimu miwili mizima na kutunga wiki nzima ya maswali kabla halijaniingia, na kuna watu waliumia kwa sababu hiyo, nitakusimulia.

Kwanza tuelewane kwamba ligi siyo ile kwizi ya kawaida ya pabu, ile ya Alhamisi mtu yeyote anaingia tu, mnakaa watu sita mezani mnapewa karatasi na kalamu na swali moja linasomwa kwa ukumbi mzima. Ile ndo iliyosambaa sana huku tangu 1976, kampuni ya Burns and Porter ilipoanza kuzipelekea pabu maswali kila wiki, na uzuri wake ni kwamba swali likiwa gumu ni gumu kwa wote, meza zote zinakwama pamoja, hakuna aliyeonewa. Kwenye ligi hali ni nyingine kabisa. Kwa ulivyonieleza nyie mnafuata ule mtindo wa watu wanne kwa wanne, raundi nane za maswali nane nane, jumla 64. Swali la kwanza anapewa mtu wa kiti cha kwanza wa timu hii, la pili mtu wa kiti cha kwanza wa timu ile, la tatu na la nne viti vya pili, hivo hivo mpaka la nane. Mwenye swali akijibu mwenyewe bila kunong'onezana na mtu ni pointi 2, akiwageukia wenzake wakashauriana wakapata ni 1, na wote wakikosa swali linavuka meza, wapinzani wakilijua wanachukua bonasi ya 1.

Sasa piga hesabu na mimi. Swali la 5 ni laini, timu A imepata 2. Swali la 6 ni jiwe, timu B imekosa, likavuka, timu A ikabahatisha ikapata bonasi. Ndani ya dakika moja umetengeneza tofauti ya pointi 3 ambayo haina uhusiano wowote na nani anajua zaidi, ni wewe mtunzi umeitengeneza ukiwa jikoni kwako na kikombe cha chai. Na hizi mechi zinaisha kwa pointi moja, mbili, tatu, we mwenyewe umeshaona.

Yaliyonikuta ni haya. Wiki yangu ya kwanza kutunga niliweka jozi ambayo kwa macho ilikuwa nzuri mno, nilijisifu kabisa: la 5, White Nile inatoka kwenye ziwa gani? La 6, Blue Nile inatoka kwenye ziwa gani la Ethiopia? Si unaona, mapacha kabisa. Kwenye karatasi hata kapteni wangu akasema safi. Usiku ule timu yetu haikuwa na mechi kwa sababu ndo tuliotunga, tukagawana pabu za kwenda kusoma, mi nikapata moja ya pembeni ya mji yenye dari fupi na moto wa makaa. La 5 likasomwa, kijana akajibu Victoria kabla sijamaliza sentensi, pointi 2. La 6 likaenda kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, akafikiria, akageukia wenzake, wakanong'ona weee, wakasema Turkana kwa kubahatisha. Likavuka, upande wa pili nao hawana. Ni Tana. Mechi ikaisha 43 kwa 42, waliofungwa ni timu ya mzee. Baada ya sandwichi kuletwa akaja na karatasi yake, wala hakuwa amekasirika, akazungushia 5 na 6 kwa penseli akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ungekuwa wewe, ungependa kupewa lipi?" Sikuwa na jibu. Kumbe mapacha wa maneno siyo mapacha wa ugumu. Ziwa Victoria liko kichwani kwa kila Mwingereza aliyesoma shule ya msingi, Tana analijua mtu aliyewahi kufika Bahir Dar, mji ulio kando yake, au anayependa sana ramani.

Leo ningeandikaje? Ningebaki na mito maana mito ni mizuri, ila ningesema: White Nile na Blue Nile zinakutana kwenye mji mkuu gani? Khartoum. Na mwenzake: mto Sava unaingia Danube kwenye mji mkuu gani? Belgrade. Hapo mtu wa ramani atapata vyote, mtu asiye wa ramani anaweza kujikokota mpaka kwenye jibu kwa kufikiria, na nikiulizwa ningependa kupewa lipi nitasema lolote tu. Hicho ndo kipimo changu mpaka leo. Chukua jozi, funika namba, jiulize ungependa kupewa lipi, na kama jibu limekuja haraka basi jozi imevunjika, rudi mezani.

Haya tuje kwa ya kwako.

Swali lako la kwanza, "Mto mrefu kuliko yote duniani ni upi?", toa kabisa. Vitabu vingi vinasema Nile, lakini kuna watafiti wa Brazili wanaoishikilia Amazon na mabishano hayajaisha, inategemea unaanza kupima kwenye kijito gani na unaishia wapi. Mtu akijibu Amazon kwa sababu kasoma zaidi ya wenzake utamnyima pointi kwa kusoma kwake? Swali linalomwadhibu anayejua zaidi ni swali baya kuliko yote, bora hata lile gumu lisilojibiwa na mtu.

La pili, "Mji mkuu wa Burundi ni upi?" Wewe umeandika Gitega na uko sahihi, tangazo lilitoka Desemba 2018 na sheria ikapita 2019, ila vitabu vya zamani nusu ya meza itakuwa navyo kichwani vinasema Bujumbura na msoma maswali atajikuta katikati ya kesi. Hapa kuna ufundi mmoja mtamu, unaligeuza swali mpaka jibu liwe kitu kisichohama. Uliza hivi: mpaka 2019 Bujumbura ulikuwa mji mkuu wa nchi gani? Jibu Burundi, limetulia, halina mjadala. Na mwenzake upo tayari anakusubiri: kati ya 2019 na 2022 mji mkuu wa nchi gani uliitwa Nur-Sultan? Kazakhstan, jina likarudishwa Astana. Hiyo jozi naipenda, zote mbili ni miji mikuu iliyobadilika, zote mtu wa kufuatilia habari anazipata, na aliyelala kidogo anaweza kuokolewa na wenzake kwa pointi moja.

Vitu vinavyobadilika viogope hasa kwa sababu unaandika Septemba na swali linasomwa Novemba. Sayari yenye miezi mingi zaidi, kwa mfano, Februari 2023 jibu lilikuwa Mshtarii, Mei mwaka ule ule likarudi Zohali. Mtu aliyetunga Machi akasomewa Juni alikuwa na jibu bovu mkononi bila kosa lake. Ndo maana lako la Kipchoge nimelirekebisha kidogo tu. Usiulize rekodi ya dunia ya maratoni ni ngapi au ya nani, maana 1:59:40 aliyokimbia Vienna haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kuna ambao watasema hiyo, kuna watakaosema 2:00:35 ya Kelvin Kiptum kule Chicago mwaka 2023, na rekodi yenyewe inaweza kuvunjwa wikiendi yoyote. Uliza: Oktoba 2019, ni mji mkuu gani wa Ulaya ambako Eliud Kipchoge alikimbia maratoni chini ya masaa mawili? Ukishafunga tarehe na mahali jibu haliwezi kukukimbia.

Sasa lile nililolipenda. Umeandika, "Neno jenga kwa Kiswahili maana yake nini?" Dada hapo umekalia dhahabu na hujui! Ukiliuliza hivyo ulivyoliandika anayejibu ni anayejua Kiswahili tu, na kwenye pabu hiyo ni wewe peke yako na wewe huchezi. Lakini kuna mchezo unaoitwa Jenga, upo nyumba nyingi za Waingereza kila Krismasi, na aliyeubuni, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki na familia yake. Kwa hiyo liandike: mchezo gani wa vipande 54 vya mbao, uliozinduliwa London mwaka 1983, jina lake ni neno la Kiswahili la kumwambia mtu ajenge? Umeona kilichotokea? Asiyejua neno moja la Kiswahili anaingia kupitia vile vipande vya mbao, anaona mnara kichwani, anasema Jenga, halafu uso unabadilika, kumbe ni Kiswahili! Miaka yote anacheza hakujua. Hicho kitu cha uso kubadilika ndo kinanifanya nisiache kutunga mpaka leo, watu wanaondoka na kitu, wanaenda kumsimulia mtu nyumbani. Na pacha wake: kampuni gani ya vitu vya kuchezea ya Denmark ilipata jina lake kwa kuunganisha maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri"? Lego. Ungependa kupewa lipi? Mi lolote.

Hapo ndo jibu la wasiwasi wako wa ya kwetu na ya kwao. Mi naita mlango wa pili. Swali la ya kwetu siyo tatizo, tatizo ni swali lenye mlango mmoja tu, kwamba ama ulisoma hicho kitu ama hukusoma, basi. Lako la Gurnah ni la mlango mmoja, "Nani alipata Nobel ya fasihi 2021?" Wenzetu wanaosoma wanamjua, na ameishi na kufundisha huko huko Uingereza, lakini kwa mwenye kiti ambaye hakufuatilia mwaka ule hakuna pa kushika. Mpe pa kushika. Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel ya fasihi 2021 na Freddie Mercury wa Queen walizaliwa visiwa gani? Zanzibar. Na ng'ambo ya pili: V. S. Naipaul aliyepata Nobel ya fasihi 2001 na Brian Lara wa kriketi walizaliwa kisiwa gani? Trinidad. Tayari una swali lenye kriketi ndani na hukuhitaji kujua kriketi, unajua tu alikozaliwa mtu. Kwenye karatasi mwandikie msoma maswali pembeni: "kubali Unguja" kwa la kwanza, na kwa la pili "kubali Trinidad na Tobago", usimwachie yeye aamue usiku ule mbele ya watu wanane wenye hasira na bia.

Hili la kuandika kinachokubalika watu wengi wanalipuuza sana na ndo linaleta ugomvi mwingi kuliko maswali yenyewe. Jibu likiwa Roosevelt je? Marekani ilikuwa na marais wawili wa jina hilo, Theodore na Franklin, kwa hiyo andika wazi kwamba msoma maswali amuulize mjibu yupi. Jina la ukoo linatosha au mpaka la kwanza? Andika. Mtu akisema Zanzibar Town? Andika. Na majina yetu yaandikie jinsi ya kutamka kwa herufi zao, maana ukimwachia msomaji wa kule aliyekulia kwenye lahaja nzito atakutamkia Gurnah mpaka wewe mwenyewe usimjue, na mjibu anapoteza pointi kwa kutosikia.

Maana swali la ligi halisomwi na anayejibu, linasikiwa. Wewe umeandika mengine marefu kama barua ya posa, kuna moja lina vifungu vinne kabla hujajua unaulizwa nini, mtu anasikia mwaka, anasikia nchi, anasikia mfalme, anajaribu kubeba vyote halafu mwishoni kabisa anaambiwa taja rangi. Sema mapema unatafuta nini, mto gani, mchezo gani, nani, halafu ndo umwage dalili. Msomee mtu kwa sauti ukiwa umesimama, usimpe karatasi. Akikuomba urudie mara mbili, lifupishe.

Ya miaka, yaani "mwaka gani", umeweka matatu na naomba utoe yote. Lile la Maji Maji linanigusa na najua kwa nini umeliweka, lakini kuuliza vita viliisha mwaka gani ni kumwomba mtu namba ambayo ama anayo ama hana, na huko hawana, utapata ukimya kwenye pabu zote usiku mmoja. Geuza: kati ya 1905 na 1907 vita vya Maji Maji vilipiganwa dhidi ya wakoloni wa nchi gani ya Ulaya? Ujerumani, na hapo Mwingereza anaweza kufikiria akafika, na amejifunza vita vilikuwepo. Lile la Kilimanjaro liache kama lilivyo, ni rahisi, hamna ubaya, ila pacha wake naye awe rahisi vile vile, siyo umpe mwenzake mlima mrefu wa Oceania.

Kuna kitu kingine ambacho ni cha kapteni wako zaidi lakini kamwambie, mada zigawanywe vizuri kati ya viti. Kwa kuwa kila kiti kinapata swali moja kila raundi, karatasi ikishakusanyika yote 64 msome kwenda chini pia, siyo kwenda mbele tu. Chukua maswali namba 1 ya raundi zote nane, soma mfululizo. Kama matano ni michezo, yule wa kiti cha kwanza umempa sikukuu au umemuua kulingana na ni nani kakaa pale. Timu nyingi zina mtu wa mpira, mtu wa muziki, mtu wa vitabu, na wana mazoea ya kukaa pale pale kila wiki. Changanya. Kazi hii inachukua nusu saa na karibu hakuna anayeifanya.

Kuhakiki ni lazima, vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana, na siyo mtandao mmoja ulionukuu mwingine. Kwa maswali 16 tenga jioni mbili nzima. Na kipimo changu binafsi cha ugumu, maswali yanayokufa, yaani timu zote mbili zimekosa, nisiyaone zaidi ya matano sita kwenye 64. Yakifika kumi najua nilikuwa naonyesha ninachojua badala ya kuwapa watu mechi. Kwenye 16 zako basi likifa moja, mawili yakizidi sana.

Ya kwetu weka mangapi? Ningekuwa wewe ningeweka jozi mbili, tatu mwisho, nyingine ziwe za dunia nzima, chakula, mwili wa binadamu, uko wodini una hazina pale, mbona hujauliza hata moja la mifupa? Kriketi na tamthilia waachie wenzako, raundi sita zingine ni zao. Usijilazimishe kutunga kitu usichokipenda, kinasikika.

Na maswali usiyatume kwenye grupu la WhatsApp la timu hata kama ni la watu watano, kuna ambao waume zao wanachezea timu nyingine. Mpe kapteni mkononi au kwa barua pepe yake pekee. Kuhusu ulivyosema hunywi pombe na unajisikia vibaya kukaa pabu na glasi ya juisi, mi miaka yote nakunywa soda na hakuna aliyewahi kunigeukia, wakianza kusoma raundi ya kwanza hakuna anayeangalia glasi ya mtu.

Maswali ya akiba kapteni atasahau kukuomba, we yatunge tu, yanatumika swali likisomwa vibaya au mtu akiropoka jibu la mwenzake. Tunga manne, siyo matatu, maana ukiharibika upande mmoja wa jozi unabadilisha pande zote mbili.